Muulize Fundi: saa ya mama, ndizi yenye presha, na sauti ya mjukuu

Wadau habari za siku. Mwezi huu barua zimegongana, karibu zote ni wazee na hivi vifaa vyenye AI, akili mnemba kwa wale waliokaa sana shule, na wengi mnaoandika mko mbali na nyumbani, hela mnayo kidogo, wasiwasi mnao mwingi, alafu tangazo la saa linakuja kwenye simu saa sita usiku mnabonyeza nunua. Nimechukua sita, zilizobaki zinafanana nazo.

SWALI: Fundi za kazi. Mi niko Muscat mwaka wa saba, mama yuko Tanga ana miaka 74 anaishi na dada wa kazi tu. Mwaka jana alianguka bafuni akakaa chini karibu saa nzima, dada alikuwa kaenda sokoni. Nataka kumnunulia saa ya Apple ile inayojua mtu akianguka. Inafanya kazi kweli au biashara tu? Mama anatumia Tecno. (Mtoto wa mwisho, Muscat)

JIBU: Pole kwa mama, saa nzima sakafuni kwa mtu wa umri ule sio jambo dogo hata kama hakuvunjika kitu. Saa inafanya kazi ndio. Apple waliiweka hiyo huduma kwenye Series 4 mwaka 2018 na wengine wakafuata. Ndani kuna kihisi kinachopima mkono unavyorushwa na kingine kinachopima unavyogeuka, na programu yake imefundishwa mpaka inajua kuanguka kunafananaje: mkono unaruka, kishindo, kisha kimya. Ikiona hivyo inakugongagonga mkononi, inalia, inakuuliza kama uko sawa, na usipojibu na ukabaki hujatikisika kama dakika moja hivi inapiga yenyewe namba ya dharura ya nchi uliyopo, alafu inawatumia watu uliowaandikisha ujumbe na mahali ulipo.

Sasa ifikirie hiyo safari yote ikiwa Tanga. Namba ni 112, haya imepokelewa, mama yuko chini hawezi kuongea. Nani anakuja? Anaijua nyumba? Kwetu nyumba inaelekezwa kwa mwembe na duka la Mpemba. Mlango una komeo kwa ndani, ufunguo wa pili anao nani? Na wewe Muscat ujumbe umekukuta kazini, utampigia mtu fulani Tanga umwambie kimbia kwa mama, sasa huyo mtu fulani ndo alitakiwa awe wa kwanza kwenye orodha ya saa, sio wewe. Kwa hiyo kabla hujatafuta saa tafuta mtu. Jirani, mpwa mwenye bodaboda, yeyote anayefika ndani ya dakika kumi, mpe ufunguo mbele ya mama mwenyewe aone, na umtumie cha vocha kila mwezi, usimfanye mlinzi wa bure.

Kuhusu Tecno: saa ya Apple haiongei na Android kabisa, inataka iPhone. Ukiipeleka Tanga itakuwa bangili ya gharama. Chukua Samsung Galaxy Watch au Pixel Watch, nazo zinajua kuanguka na zinakaa na Android, ila ingia kwenye mipangilio uhakikishe huduma yenyewe imewashwa na namba za watu wako zimeingia, usidhani imekuja hivyo toka dukani. Na kama saa haina laini yake, simu ikibaki chumbani na mama yuko uani mwisho kabisa wa nyumba, saa inaweza kujua kaanguka na isiwe na pa kupitishia.

Alafu nikwambie la kwangu. Mama yangu yuko Muheza, nilimpa saa, nikajiona mtoto mwema. Nilipoenda kumsalimia baada ya wiki tatu nikaikuta kabatini juu ya sahani za harusi, imefungwa kwenye leso. Akanambia mwanangu kila nikitaka kutawadha naivua, mara tano kwa siku, siku moja nikaona ya nini. Nikaenda kuangalia bafuni. Msumari wa khanga uko palepale mlangoni, ndo hapo alikuwa anaitundika, alafu anaingia mkono mtupu kwenye sakafu ya saruji yenye sabuni na ndala zilizolika kisigino. Yaani nyumba nzima pale ndo pa kuangukia, na pale ndo saa haipo. Kingine, siku alizokuwa anaivaa ilishampigia kelele umeanguka wakati anatwanga kisamvu. Na watengenezaji wenyewe wanasema haikamati kila kuanguka, mtu anayeserereka taratibu ameshika ukuta anaweza asionekane.

Tulichofanya ni hivi, fundi wa kuchomelea alinitengenezea vishikio viwili vya bomba, kimoja kando ya choo kimoja kando ya ndoo, mkeka wa mpira, taa inayobaki umeme ukikatika, ndala mpya. Saa nikaibadilishia mkanda wa kuvutika, anaisukuma juu ya kiwiko anatawadha anairudisha. Bomba zile zilikuwa bei rahisi kuliko mkanda wa saa. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo 684,000 kwa mwaka vya watu kuanguka, na wa zaidi ya miaka 60 ndo wengi humo, sa ukiniuliza nianze na kipi, naanza na bomba, kisha mtu mwenye ufunguo, saa inakuja ya tatu.

SWALI: Nimenunua saa janja Kariakoo, inapima presha, sukari, oksijeni, usingizi, yote bila kutoboa. Baba ana kisukari na amefurahi sana kwamba hatoboi tena kidole. Mke wangu anasema tumepigwa. Nani yuko sahihi? (Mume wa Mbagala)

JIBU: Mkeo. Na leo hii mrudishie baba mashine yake ya kutoboa kidole, hii barua ndo imenikosesha usingizi kuliko zote.

Hakuna saa wala pete inayopima sukari kwa mwanga tu ambayo imepitishwa. Mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitoa onyo Februari 2024 ikasema wazi haijaidhinisha hata moja, ya kampuni yoyote ile. Unachokiona chini ya saa ni taa ya kijani inayosoma damu inavyopita kwenye mshipa, kutoka hapo mapigo ya moyo inapata vizuri tu, ila sukari haionekani hapo, inabuniwa. Kina baba wengine wanachoma insulini kwa kufuata namba, sasa namba ikiwa ya kubuni akachoma nyingi sukari inashuka, jasho, kutetemeka, kuzimia, na hiyo ni usiku wakati wote mmelala. Kuna kifaa cha kweli cha kubandika mkononi kama FreeStyle Libre, kinakaa siku 14 na kinapeleka namba kwenye simu, lakini hicho nacho kina kauzi kanaingia chini ya ngozi, na sio bei ya Kariakoo.

Mi jamaa mmoja aliniletea saa ya aina hiyo nimtengenezee mkanda. Nikaifunga kwenye ndizi mzuzu iliyokuwa mezani, nikabonyeza pima. Ikafikiria kama nusu dakika hivi. Presha 118 kwa 76, sukari 5.4, oksijeni 98. Ndizi yenye afya ya mchezaji mpira, na jioni ile tulikuwa tunaikaanga.

Presha ya kwenye saa hata za kampuni kubwa ina masharti, ya Samsung kwa mfano inataka uioanishe na mashine ya kawaida ya mkanda kila siku 28, na inataka simu iwe ya Samsung, kwa hiyo mashine utaihitaji tu. Nunua mashine ya mkono wa juu, sio ya kifundo cha mkono, iliyo kwenye orodha ya STRIDE BP ambao kazi yao ni kuangalia mashine zilizopimwa zikafaulu. Mkanda umtoshe baba, mkono mnene na mkanda mdogo namba inapanda bure. Akae dakika tano ameegemea, miguu chini isipishane, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, chai na kahawa ziwe zimepita nusu saa, asiongee, na wewe usiongee, apime mara mbili aache dakika moja katikati. Nyumbani 135 kwa 85 kwenda juu siku kadhaa mfululizo mpelekeni hospitali.

Na oksijeni, hili liwaingie wote wenye ngozi kama zetu. Mwaka 2020 madaktari wa Michigan walichapisha walichokiona kwenye vile vibano vya kidoleni vya hospitali: wagonjwa ambao kipimo kilisema oksijeni iko sawa, 92 hadi 96, kumbe damu yenyewe ikipimwa iko chini ya 88, kwa wazungu walikuwa asilimia 3.6, kwa weusi 11.7. Rangi ya ngozi inakula mwanga. Sasa kama cha hospitali kinatudanganya hivyo, cha saa ya elfu arobaini unakitegemeaje. Mzee akihema kwa shida mpeleke, usisubiri namba ishuke.

SWALI: Kaka yangu alimtumia mzee saa ya Apple kutoka Minnesota. Juzi imeandika mapigo hayaendi kwa mpangilio. Mzee amecheka, anasema moyo wake ni wa tangu 1951. Tufanyeje? (Dada mkubwa, Nairobi)

JIBU: Cheka nae alafu mpeleke wiki hii hii. Hiyo sio kama ya ndizi. Chuo Kikuu cha Stanford kiliifuatilia kwa watu 419,297, matokeo yakatoka 2019, na waliopata huo ujumbe walikuwa asilimia 0.52 tu, maana yake saa haipigi kelele ovyo. Waliopata ujumbe wakavaa kibandiko cha kupima moyo siku chache, kama theluthi moja walikutwa kweli na ule ugonjwa wa moyo kutetemeka badala ya kupiga, na wengine unakuja na kuondoka kwa hiyo kutoukuta siku ile haimaanishi haupo. Ubaya wake damu inatuama moyoni inaganda, bonge linaweza kupanda kichwani, hatari ya kiharusi inakuwa kama mara tano.

Mwombe daktari ECG ya kawaida, kile kipimo cha umeme wa moyo, na umwoneshe simu yenyewe ina tarehe na saa. Mzee asianze aspirini ya dukani kwa ushauri wa jirani. Jingine, saa hiyo haijui mshtuko wa moyo, kifua kikibana usingoje iseme kitu.

SWALI: Bibi yetu ana miaka 83, amepoteza kumbukumbu kidogo, anasahau jiko. Ndugu zangu wanataka kufunga kamera zenye AI nyumba nzima mpaka chumbani kwake, mi naona ni kumvunjia heshima. Tumegombana kwenye grupu la familia mpaka shangazi katoka. (Mjukuu, Mombasa)

JIBU: Shangazi arudishwe kwanza. Alafu swali ambalo grupu zima halijauliza: bibi mwenyewe amesemaje? Kusahau jiko sio kusahau kuona haya. Mtu aliyejisitiri miaka 83 leo avue nguo mbele ya kijicho chekundu ambacho wajukuu saba wanakifungua wakiwa kwenye matatu, hapana bwana. Na dada anayemhudumia naye anarekodiwa, ameambiwa?

Wajapani walilimaliza hili zamani kwa birika. Zojirushi wana birika la umeme la chai lilianza 2001, bibi akichota maji ya chai ishara inatoka, mtoto wake mjini anapata ujumbe kwamba mama ametumia birika asubuhi. Basi. Haoni mama amevaa nini, anajua tu ameamka na amekunywa chai. Siku birika likikaa kimya ndo anapiga simu. Vihisi vya siku hizi vinavyobandikwa mlangoni na kwenye korido vinafanya hivyohivyo kwa AI, vinajifunza kwamba bibi huamka alfajiri, huenda msalani mara mbili usiku, hufungua friji saa fulani, na vikiona amekwenda mara sita au hajaonekana mpaka saa nne asubuhi vinatuma ujumbe. Mara sita msalani kwa bibi wa umri huo inaweza kuwa maambukizi ya mkojo yanaanza, na wazee maambukizi hayo yanawavuruga akili hata kabla ya homa, kwa hiyo hiyo taarifa ina kazi kuliko picha.

Kama lazima kamera, moja jikoni ikiangalia jiko, sio chumbani sio bafuni, na mtu mmoja tu mwenye neno la siri. Neno la siri lisiwe lile lililokuja na boksi. Na kabla ya kamera, jiko la gesi bibi akishalala funga kwenye mtungi, hiyo haitaki wifi.

SWALI: Babu alipigiwa simu na "mimi" nikilia nimepata ajali Dodoma nitumiwe laki nne. Mi niko chuo nimelala zangu. Anaapa ilikuwa sauti yangu. Inawezekana? (Mjukuu wa Iringa)

JIBU: Inawezekana kabisa, na babu hajazeeka akili, msimcheke. Programu za kuiga sauti zinahitaji kipande kifupi tu, ile video yako ya kuimba uliyoiposti inatosha. Tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliwaonya watu wake 2023 juu ya simu hizi za ndugu bandia mwenye dharura. Sisi tulikuwa na "ile hela tuma kwenye namba hii", huyu ni mtoto wa yule kasoma.

Mpangie babu neno lenu. Lisiwe jina la mtu wala tarehe, liwe kitu kama jina la yule mbuzi aliyekula shuka la mgeni, kitu ambacho hakipo kwenye simu ya mtu. Anayelia kwenye simu aulizwe mbuzi aliitwaje. Asipojua kata, piga namba ya mjukuu iliyopo kwenye simu siku zote, sio iliyopiga. Na umwambie babu kwamba ukiulizwa hutakasirika, maana wanaopoteza hela wengi ni wale walioona haya kuuliza.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, umri 71, Pemba. Macho yamepungua. Vijana wananiambia naweza kuzungumza na simu kwa Kiswahili ikanijibu na kunikumbusha dawa. Je, ni kweli? Na inafahamu Kiswahili sanifu?

JIBU: Shikamoo mwalimu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Kibodi ya Google inaandika Kiswahili unachokitamka toka 2017, ile alama ya maikrofoni, unabonyeza unaongea na maneno yanajiandika, ukizungumza taratibu kama ulivyokuwa unasoma imla itakupata vizuri. Programu za kuzungumza nazo kama ChatGPT na Gemini zinajibu Kiswahili, sanifu kidogo na cha ajabu kidogo, utaingiwa na hamu ya kuzisahihisha kwa kalamu nyekundu. Kusomewa boksi la dawa kwa kamera pia inawezekana, lakini jina la dawa na kipimo mwombe kijana mwenye macho athibitishe mara ya kwanza, na usibadilishe dozi kwa sababu simu imesema.

Sasa kwenye kukumbushwa dawa kuna mtego ambao waliotengeneza hawakuufikiria. Wewe ukisema nikumbushe saa mbili usiku unamaanisha baada ya Isha. Mashine inasikia mbili, na mbili yake ni ya kizungu, itakuamsha usiku wa manane watu wote wamelala, na ile dozi ya baada ya Isha itakuwa imekupita. Kuna siku inapatia na kuna siku inakosea, ndo ubaya wake. Kwa hiyo kila ukiweka mwambie mjukuu asome kioo kimeandika nini, kikiwa 02:00 afute aandike 20:00, na ya asubuhi saa moja iwe 07:00. Ukiweza sema tu "baada ya Isha" umwachie yeye mjukuu aiandike kwa namba, inajirudia kila siku, unaweka mara moja umemaliza.